Breki Isiyomjua Ngamia

Gari langu la kwanza nililinunua kwa pesa za maziwa ya ngamia. Kwa miaka sita nilikuwa dereva wa pikapu ya mtu. Alfajiri nilikusanya madumu ya maziwa kutoka maboma ya Garbatulla na Kulamawe, nikayafikisha Isiolo kabla jua halijapanda, na huko akina mama wa biashara waliyapokea, wakayapima, wakayapakia kwenye basi la Nairobi yakauzwe Eastleigh. Dumu likichelewa njiani maziwa huharibika, na mama aliyeamka usiku kukamua hapati kitu. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha haraka, na haraka ndiyo mwanzo wa habari hii.

Mwaka 2021 nikateremka Mombasa na akiba yangu. Kijana niliyemkuta kwenye yadi ya magari alinionyesha gari dogo lililotoka Japani, la mwaka 2014, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Alinifungulia mlango, kisha akanyoosha kidole kwenye kisanduku cheusi kilichobandikwa juu ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma.

"Bosi, hili linajifunga breki lenyewe," akaniambia. "Kitu kikikatiza mbele, wewe usihangaike."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Nilipowasha gari, sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, taratibu, kama muuguzi anayemwamsha mgonjwa. Kijana akasema nitaizoea. Ilinichukua muda mrefu kuambiwa na wenye magari kama langu kwamba mama yule alikuwa akisema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Ni barabara za Japani hizo. Kila asubuhi gari lilinikumbusha barabara ambazo sitazipita, na kuhusu barabara ninayoipita kila siku halikunipa neno hata moja ninaloweza kulielewa.

Wiki ya tatu, nikiwa Isiolo mjini, breki ile ilifanya kazi yake. Nilikuwa nyuma ya pikapu ya miraa, tukienda mwendo wa kobe katikati ya mikokoteni na bodaboda, na mama mmoja kando ya barabara alikuwa akiniita kuhusu dumu lake. Nikageuza shingo kumjibu. Pikapu ikasimama ghafla, na kijana wa kupakua akaruka kutoka nyuma yake na gunia begani. Hayo sikuyaona. Nilichosikia ni mlio mkali, kisha kanyagio likazama chini bila mguu wangu, gari likasimama papo hapo, na madumu matupu nyuma yakagongana kwa kishindo. Kijana alikuwa amesimama kati ya boneti yangu na pikapu, gunia bado begani. Kati ya goti lake na bampa yangu palibaki nafasi ya shubiri mbili. Alinitazama, akageuka, akaenda zake na mzigo wake.

Miguu ya kijana yule iliokolewa na kile kisanduku. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu nitakayosema baadaye yasije yakamfanya mtu adhani nakidharau chombo hiki. Taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, imeona kwamba magari yenye breki ya kujifunga hugonga magari mengine kwa nyuma kwa takriban nusu ya kiwango cha yale yasiyo nayo. Nusu ni watu wengi. Kenya tunazika watu zaidi ya 4,000 kila mwaka kutokana na ajali za barabarani.

Nilimhadithia abuya, mjomba wangu, aliyenifundisha udereva katika Land Rover ambayo breki yake ilibidi uikanyage mara tatu ndipo ishike. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, punda akikubebea maji unajua anachokea wapi. Hiki chako kinachokea wapi?" Nikamjibu kwamba mashine haichoki. Akanyamaza, na nikachukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Ingenibidi nijue. Hayo hayakuwa mafunzo yangu ya kwanza kuhusu vyombo vya usalama, na mawili ya nyuma yalikuwa yamenigharimu.

La kwanza ni mkanda. Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika, nilikuwa makanga wa matatu kati ya Isiolo na Meru. Kila kiti kilitakiwa kuwa na mkanda, na kila matatu kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mikanda tuliifunga kwenye viti kweli. Lakini tulipokaribia kizuizi cha polisi nilipiga kelele, "Mikanda! Mikanda!" na tukishavuka nikasikia vifungo vikiachiliwa kimoja kimoja hadi nyuma kabisa. Kwa kuwa haikuvaliwa, mikanda ilijaa vumbi, na abiria akiivaa ilimwachia mstari wa kahawia kifuani, kwenye kanzu nyeupe aliyoivaa kwenda msikitini au kwenye harusi. Wazee walikataa katakata, na sikuwalaumu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeambiwa kwamba mkanda ule unaopita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, na kwamba kampuni ile ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Kwetu sisi ulikuwa mkanda wa polisi. Kwamba ni wa kifua cha mtu, hilo nililijua miaka mingi baadaye, usiku mmoja, na nitaufikia usiku huo.

La pili ni ABS, breki isiyoacha magurudumu yakwame, na hapa madereva wa upande wetu wataelewa upesi. Nilipopewa ile pikapu ya maziwa, nilikuwa sijawahi kuendesha gari lenye ABS. Siku moja kati ya Kulamawe na Garbatulla, juu ya changarawe, kundi la mbuzi likavuka. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Kanyagio likaanza kutetemeka chini ya mguu, tatata, na pikapu ikaendelea kwenda kana kwamba haikusikia. Mbuzi wawili wakafa. Madereva wenzangu wakaniambia dawa ni kung'oa fyuzi ya ABS, na wengi wao walikuwa wameshaing'oa. Nami nikaing'oa.

Hawakuwa wajinga, na ninataka hilo lieleweke. Breki ya kawaida ikikanyagwa sana juu ya changarawe, gurudumu hukwama, likajichimbia, likasukuma mbele yake kilima kidogo cha mawe na mchanga, na kilima hicho husaidia kulisimamisha gari. ABS hukataa gurudumu likwame. Hulibana na kuliachia mara nyingi katika sekunde moja, hivyo kilima hakijengeki, na gari huteleza mbali zaidi. Kwa hiyo kwenye changarawe iliyolegea fyuzi iliyong'olewa kweli ilifupisha safari ya gari kusimama, na kwa miezi minane nilijiona fundi.

Kisha nikatumwa Timau kuchukua viazi. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa inanyesha, na ule mteremko wa kutoka Subuiga kushuka Isiolo ulikuwa unang'aa kama kioo. Lori lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo. Nikakanyaga. Magurudumu yote yakakwama mara moja, nikageuza usukani kushoto, na pikapu haikugeuka. Gurudumu lililokwama haligeuzi gari, hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Tulizunguka barabarani mzunguko mmoja mzima, nikiona lori, kisha korongo, kisha lori tena, tukaishia mtaroni na viazi vimetapakaa barabarani. Hakuna aliyeumia. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro na mvua ikininyeshea, nikaelewa ile fyuzi ilikuwa ya kazi gani. ABS, ambayo Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza katika magari ya kuuzwa mwaka 1978, kazi yake kubwa ni kukuachia usukani wakati unapofunga breki, ili uweze kukikwepa kile kilicho mbele. Kusimama upesi kila mahali haikuahidi kamwe. Nilikuwa nimeihukumu kwa ahadi ambayo haikutoa.

Jioni hiyo hiyo nilirudisha fyuzi. Laiti ningeuchukua ufahamu ule na kuupeleka kwenye kisanduku cheusi, ngamia yule angekuwa hai.

Ilikuwa Oktoba 2022. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya maana, na mifugo yote ya Waso, huku kwetu, ilikuwa inahama kutafuta jani. Wanyama walivuka barabara saa zozote, hata usiku, bila mchungaji, wakifuata harufu ya maji. Nilitoka Isiolo baada ya swala ya magharibi na abiria watatu: mwalimu mmoja kiti cha mbele, na nyuma mama na mtoto wake wa miaka mitano waliotoka kliniki. Kabla ya kuondoka nilihakikisha kila mtu amefunga mkanda, na mtoto nikamfunga mimi mwenyewe. Mikanda yangu ilikuwa safi. Hilo nililiapa tangu siku zangu za umakanga.

Baada ya Kulamawe palikuwa na kipande kilichonyooka na kushindiliwa vizuri, nami nilikuwa na mwendo wa 80. Lori lilikuwa linakuja, hivyo nilikuwa nimeshusha taa. Mbuzi utamwona usiku kwa macho yake, na ng'ombe pia, yanawaka kama makaa. Macho ya ngamia yako juu ya mwanga wa taa zilizoshushwa. Huyaoni. Nilichoona ni miguu minne myembamba yenye rangi ya barabara yenyewe, imesimama mbele yangu kama miti minne ya boma, na juu ya miguu hiyo hakuna kitu ila giza.

Na hapa ndipo pananiuma. Mguu wangu ulingoja. Haukungoja muda mrefu, labda kufumba na kufumbua, lakini uliingoja breki ifunge yenyewe kama ilivyofunga Isiolo. Gari likakaa kimya. Hakuna mlio, hakuna kanyagio lililozama. Nilipokanyaga mwenyewe, tulikuwa tumeshafika.

Gari dogo likimgonga ngamia, bampa huikata miguu, na mwili wote, ambao ulikuwa juu ya boneti tangu mwanzo, huanguka juu ya kioo. Ndivyo ilivyokuwa. Kioo kiliingia ndani, paa likabonyea mpaka likanigusa kichwa. Mifuko ya hewa haikufunguka, kwa sababu miguu ya ngamia ni laini mbele ya bampa, na sensa za mbele hungoja pigo kama la ukuta au la gari jingine. Kilichotushika vitini ni mikanda. Mwalimu alipasuliwa mkono na vioo kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mama na mtoto hawakupata hata mkwaruzo. Mtoto aliuliza tu kwa nini tumesimama.

Ngamia alikuwa jike mwenye kunyonyesha. Shingoni alikuwa na kengele ya mti, na kila alipojaribu kuinua kichwa kengele iligonga boneti, ko, ko, bila mpangilio. Maziwa yalikuwa yanamtoka. Katika mwanga wa taa moja iliyobaki niliyaona yakichuruzika kwenye boneti, meupe, yakachanganyika na damu. Watu wa boma la karibu walikuja na tochi, na mzee mmoja akasema bismillahi na kumchinja kabla hajakata roho, ili nyama isipotee. Kengele ikanyamaza.

Asubuhi nilijua mwenye ngamia ni nani. Alikuwa mama ambaye nilikuwa nimebeba dumu lake kwa miaka. Tulikaa chini ya mti na wazee, yeye upande mmoja na mimi na abuya upande wa pili. Kabla bei haijatajwa aliuliza swali moja: yule mtoto yu mzima? Nikamjibu, mzima, alhamdulillahi. Akatikisa kichwa, kisha akawaachia wazee. Waliamua shilingi 120,000, kwa awamu, na kila awamu nilimpelekea kwa mkono wangu.

Gari lilikokotwa hadi Isiolo, kisha Nairobi. Paa likanyooshwa, kioo kipya kikawekwa, na fundi akakibandika kile kisanduku cheusi juu ya kioo kwa gundi, mahali palipoonekana kufanana na pale pa zamani. Nikarudi barabarani. Siku ya pili, Isiolo, mbele hakuna kitu, gari likapiga mlio na kujifunga breki. Bodaboda iliyonifuata nusura iniingie. Baada ya siku mbili ikatokea tena, mbele ya tuta tupu.

Mwalimu, mkono ukiwa bado umefungwa bendeji, ndiye aliyeuliza kama gari lilikuja na kitabu. Lilikuja nacho. Kilikuwa ndani ya droo mbele ya kiti chake tangu Mombasa, kimefungwa kwenye mfuko wake wa plastiki, na sikuwa nimewahi kukifungua kwa sababu kilikuwa cha Kijapani. Akakifungua juu ya meza ya shule, akatafuta ukurasa wenye mchoro wa kile kisanduku, kisha akaishika simu juu ya maandishi. Maneno ya Kijapani yakageuka Kiingereza kwenye skrini, yakitetemeka na kubadilika kila mkono wake ulipotikisika. Alinisomea polepole. Chombo hiki kinatumia leza. Kinaangalia gari lililo mbele. Kioo kikibadilishwa, lazima kirekebishwe upya. Na kinafanya kazi gari likiwa na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa.

Nikamwomba aondoe simu. Nikautazama ukurasa kwa macho yangu. Katikati ya maandishi yale ambayo siwezi kusoma hata herufi moja, ilikuwepo namba, imechapishwa kama tunavyoandika namba zetu: 30, na mbele yake km/h. Ningeweza kuisoma siku ya kwanza. Mtoto wa darasa la kwanza wa Garbatulla angeweza kuisoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na sasa najua kwamba gari langu halikuwa na hitilafu. Breki za kwanza za namna hii katika magari madogo zilitengenezwa kwa ajili ya foleni za mjini. Volvo ilipoileta yake mwaka 2008 ilitumia leza na iliishia mwendo huo huo wa 30, na magari mengi madogo ya Japani yaliyofuata yalikuwa vivyo hivyo. Leza yake huona karibu tu, mita chache mbele, na ilikusudiwa kuzuia mgongano wa mwendo mdogo nyuma ya gari lililosimama. Ndiyo sababu Isiolo iliniokolea kijana, na baada ya Kulamawe haikuwa na la kusema. Pale ndipo ilipochokea, kama abuya alivyouliza.

Magari mapya yanayoanza kufika sasa ni mengine. Yana kamera, na mengi yana rada nyuma ya nembo au bampa ya mbele, na hufunga breki hata kwenye mwendo wa barabara kuu. Nimeziona hata Probox za miaka ya karibuni zikiwa na jicho hilo kwenye kioo. Lakini jicho lolote huona lile lililofundishwa kuliona. Volvo walilifundisha lao kumtambua yule paa mkubwa wa misitu ya Uswidi, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba Australia lilikuwa linachanganywa na kangaruu. Mfumo ulikadiria umbali kwa kuangalia mahali miguu ya mnyama inapogusa ardhi. Kangaruu akiwa hewani anaonekana kama yuko mbali, akitua anaonekana karibu. Wahandisi walikuwa wamelazimika kwenda Australia kuwarekodi kangaruu ili gari lijifunze. Ninapofikiria habari hiyo humwona ngamia wetu, tumbo lake likiwa juu ya boneti na miguu yake ikiwa na rangi ya vumbi, na kwa kampuni yoyote kubwa ya magari duniani natoa wito: njooni Waso, tutawaonyesha ngamia wengi kadiri mtakavyo.

Na usiku nao una yake. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu magari manne yenye breki za kuwatambua watembea kwa miguu, kikakuta kwamba gizani hazikufaa kitu. Mitaa mingi ya mijini Marekani ina taa. Kati ya Kulamawe na Garbatulla taa ni mwezi.

Halafu kuna sisi wenyewe na mikono yetu. Mtu anaagiza gari lenye rada, anafika Isiolo, anaweka chuma cha kinga mbele ya bampa, bila kujua kwamba amekiweka mbele ya jicho la rada. Kamera inafunikwa na vumbi la lori moja tu, taa ndogo ya njano inawaka kwenye dashibodi na maneno ya Kijapani chini yake, na dereva anaiona kama pambo. Kioo kinapasuliwa na jiwe, kinabadilishwa, na jicho linabandikwa upya likitazama angani. Langu mimi lilirekebishwa na kijana mmoja wa Nairobi mwenye mashine yake. Alilisimamisha gari sakafuni, mahali tambarare kabisa, akasimamisha ubao mbele yake kwa kupima umbali kwa futi ya chuma, akarudia kupima mara tatu. Alitumia saa nzima. Nilimlipa kwa moyo mkunjufu, na tangu hapo gari halijafunga breki mbele ya tuta.

Wapi mtu wa Garbatulla atafundishwa haya? Mdogo wangu alipita shule ya udereva mwaka 2023. Alisukuma kigari cha mchezo kwenye ubao wa mji wa mfano, akakariri alama za barabarani, akafaulu. Kuhusu ABS, rada, au taa ya njano hakusikia hata kidogo. Wakati huo huo Japani imeshalazimisha breki ya kujifunga kwa miundo mipya ya magari ya abiria inayotengenezwa huko tangu Novemba 2021. Ulaya inaidai kwenye kila gari jipya tangu Julai 2024, na Marekani mwaka 2024 iliweka Septemba 2029. Nasi tunanunua magari ya Japani yaliyotumika, kwa hiyo kilichoanza kutumika Japani mwaka 2021 kitafika kwenye boma la Garbatulla kabla ya mwaka 2029, tukitaka tusitake. Kitafika na kitabu chake cha Kijapani ndani ya mfuko wa plastiki.

Na barabara nayo inakuja. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya kutoka Isiolo kupitia Kulamawe na Modogashe hadi Wajir na Mandera, zaidi ya kilomita 700. Nimeisubiri lami hiyo maisha yangu yote, na wagonjwa wetu wanaihitaji kuliko mimi. Lakini tumeona ya barabara ya Moyale ilipopata lami: mwendo uliongezeka, na ngamia hawakuambiwa. Usiku hulala juu ya lami kwa sababu huhifadhi joto la mchana.

Kwa hiyo nina maombi, nami nayaomba kwa dhati. NTSA, mamlaka yetu ya usalama barabarani, iingizeni breki ya kujifunga na ABS katika somo la udereva, kwa Kiswahili, na mtihani uulize mipaka yake kama unavyouliza alama. Wenye yadi za Mombasa na Nairobi, kabla hamjachukua pesa ya mtu, mwambieni namba moja tu: breki hii inaishia mwendo gani. Walimu wa sekondari, vijana wenu wenye simu wanaweza kusoma kitabu cha gari la baba kwa alasiri moja.

Nawe dereva mwenzangu unayetoka Isiolo jioni, futa kioo mbele ya kamera kwa kitambaa chenye maji, sio kwa mkono. Funga mkanda wa abiria wa nyuma kabla ya wako. Ukishapita Kulamawe, shuka hadi 50, na mguu wako ukae juu ya breki.